Ukurasa wa Fundi: Ampli ya taa imezimwa, lakini umeme bado umo

Mwezi huu siandiki juu ya baiskeli wala majiko. Naandika juu ya ile ampli kubwa nyeusi ya kwaya, kwa sababu nusura iniue, na vijana wameshaanza kuniuliza ni lini nitawaruhusu kuifungua.

Mnaijua. Ilikaa miaka chini ya turubai mpaka panya wakaanza kula kitambaa cha spika. Ni Vox AC30, mashine ya Uingereza iliyobuniwa na fundi Dick Denney katika kiwanda cha Jennings mjini Dartford, ikatoka mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndani inatumia taa za kioo, wengine huziita vavu: ECC83 ndogo ndogo za kukuza sauti ya gita, EL84 nne za kusukuma spika, na GZ34 moja ya kugeuza umeme. Wakati OK Jazz inaanzishwa kule Léopoldville mwaka 1956, ampli za transista zilikuwa bado hazijaenea. Ndiyo maana wazee wakisikia sauti ya taa wanatulia, eti wamerudi nyumbani.

Kwaya inaihitaji. Pesa ya kuikodisha harusini ndiyo ingenunua madaftari ya chekechea. Basi mimi, kwa vile nimesoma fizikia kidogo sekondari, nikasema nitaitengeneza. Nikaiwasha jenereta ya kanisa, ampli ikanguruma vibaya, nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikafungua nyuma. Nikaingiza mkono.

Nilijikuta nimekaa chini, mkono wote umekufa ganzi. Mzee wetu mpiga gita, aliyewahi kupigia bendi kule Uvira, alikuwa mlangoni. Akaniambia: "Mwalimu, umezima umeme wa ukutani. Wa ndani hujauzima."

Iko hivi. Ndani mna kapasita, vikopo vinavyotunza umeme kama vile debe linavyotunza maji. AC30 inafanya kazi kwa zaidi ya volti 300, na ukichomoa waya, debe linaweza kubaki na maji. Mzee alichukua rezista ya omu 10,000 yenye wati 5, akaifunga waya uliovikwa plastiki, upande mmoja akaubana kwenye bati la ampli, mwingine akagusisha kwenye upande wa kujumlisha wa kila kapasita, akahesabu mpaka ishirini. Kisha akapima kwa mita. Bisibisi hatumii, inapiga cheche na kuharibu vitu. Na mkono wake wa kushoto muda wote ulikuwa mfukoni, ili umeme usipite kifuani kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Nilicheka mwanzoni. Sicheki tena.

Mngurumo ulitoka kwenye kapasita hizo hizo. Zimezeeka, zimekauka ndani. Tulizibadili kwa mpya zenye volti zisizopungua za zamani, tukiangalia sana kujumlisha na kutoa, maana ukigeuza inaweza kupasuka. Waya wa ukutani ulikuwa wa nyuzi mbili tu. Tukaweka wa nyuzi tatu, ule wa ardhi tukaufunga imara kwenye bati. Na fyuzi: nilikuta mtu ameifunga karatasi ya sigara! Jamani, fyuzi ikiungua inakuambia kuna shida. Ukiiziba mdomo, transfoma ndiyo itaungua, na transfoma hapa tutaitoa wapi?

Siku ya kuwasha tulitanguliza balbu ya zamani ya wati 100 kwenye njia ya umeme, ile yenye uzi ndani, siyo hizi za kisasa. Balbu ikiwaka sana na kubaki hivyo, kuna shoti, zima. Yetu iliwaka kidogo ikafifia. Mzee akatabasamu. Spika lazima iwe imeunganishwa kabla ya kuwasha; ampli ya taa bila spika inaweza kuua transfoma ya sauti.

Mambo madogo ya kila wiki: kabla ya kuchomeka hakikisha kile kiswichi cha volti kinalingana na jenereta. Taa zichomolewe zikiwa zimepoa, zivutwe wima, miguu ifutwe vumbi. Igonge taa polepole kwa penseli ya mbao. Ikilia kama kengele kwenye spika, hiyo imechoka. Ukiona bati la ndani ya EL84 limekuwa jekundu kama kaa, zima hapo hapo. Na mama zangu wa kwaya, naomba msiifunike kitenge ikiwa inawaka, hata kama ni kizuri. Inapumua kwa nyuma.

Vijana, jibu langu ni hili: kuifungua, bado. Mzee amemaliza mahojiano yake, safari inaweza kuja mwezi wowote. Kila Jumamosi saa nane mchana anakaa darasani kwangu, anafundisha watu wanne wanne, wenye miaka 18 kwenda juu. Njooni na kalamu.

EL84 moja kati ya nne inalia kama kengele. Taa hizi bado zinatengenezwa, Slovakia na Urusi kwa mfano, lakini kufika hapa ni bei. Mwenye redio ya zamani ya taa nyumbani, hata kama imekufa, asiitupe wala asiifungue. Anitume mtoto, nitakuja mwenyewe kuichukua.