Ugali wa Kusaini

Tusieleweke vibaya. Chakula hatukichukii. Mtu aliyelelewa Tarime au Serengeti haringii ugali wa muhogo na mtama, sembuse ukiletwa na nyama yenye kichuri. Kinachotukera ni daftari. Kila Ijumaa saa saba mchana, kwenye mlo wa lazima wa pamoja kazini, unaingia ukumbini, na kabla hujanawa mikono unasukumiwa daftari la mahudhurio: jina, idara, muda wa kuingia, sahihi. Asiyeonekana anaitwa Jumatatu kueleza kwa nini "hana moyo wa timu". Mwisho wa mwezi ukishika hati yako ya mshahara, ile saa moja na nusu huioni popote. Nayo imeliwa.

Tunaosema haya hatujaajiriwa mahali pamoja. Wengine tunajaza makaratasi ya mizigo pale mpakani Sirari, wengine tuko kwa wazabuni Nyamongo, wengine tunatandika vitanda vya watalii upande wa Robanda, wengine tuko kaunta Mugumu mjini. Tulikuja kugundua kwamba tunalalamikia jambo moja tulipokutana kwenye basi la Tarime–Mugumu, vumbi likituingia midomoni kwa usawa. Kila mmoja alidhani ni bosi wake tu aliyerudi kutoka semina Dar es Salaam na neno "familia". Kumbe semina ilikuwa na wengi.

Na tuseme kinachofanyika humo ukumbini, maana hilo neno "familia" linaficha mengi. Meneja anasimama na kipaza sauti sahani zikiwa bado zinafuka moshi. Anasoma malengo ya mwezi. Anauliza idara fulani kwa nini iko nyuma, na mkuu wa idara hiyo anajibu akiwa na tonge shavuni. Mfanyakazi mpya anajitambulisha na kutaja "kitu kimoja ambacho hakuna anayekijua kumhusu". Kisha mchezo wa kupokezana yai kwa kijiko. Watu wazima, wenye wajukuu, wanakimbia na yai. Saa nane na nusu unarudi mezani kwako, na kazi uliyoiacha iko palepale inakusubiri. Utaimaliza jioni, saa ambayo pia haiandikwi.

Angalia humo ukumbini nani yuko kazini. Mpishi yuko kazini. Mhudumu anayepitisha maji ya kunawa yuko kazini. Mlinzi getini yuko kazini, na dereva anayemsubiri bosi kivulini hali nasi, ila siku yake inahesabiwa yote. Waliosimama wote wanalipwa. Sisi tuliokalishwa ndio eti tumepumzika.

Ajabu ni kwamba nchi yetu inajua vizuri sana kwamba kukaa ni kazi. Ina hata jina: posho ya kikao. Mwaka 2011 Watanzania walizozana wiki kwa wiki habari ya posho ya kikao ya wabunge kupandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku. Hatusemi wabunge wasilipwe, huo ni ugomvi mwingine. Tunauliza tu: inakuwaje mkubwa akikaa kikaoni akala korosho na maji ya chupa anasaini posho, na mdogo akikaa kikaoni akala ugali anasaini asije akafukuzwa?

Sheria nayo haijanyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 23, inasema aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mwajiri hawajibiki kuyalipia mapumziko hayo, isipokuwa pale mfanyakazi anapotakiwa kufanya kazi, au kuwepo tayari kwa kazi, ndani ya muda huo. Soma tena hapo kwenye "anapotakiwa". Mtu aliyeitwa kwa daftari, akahojiwa malengo, akazuiwa kutoka mpaka meneja amalize hotuba, huyo anapumzika nini? Kifungu hichohicho kinamruhusu mwajiri kukudai kazi wakati wa mapumziko ikiwa tu kazi yenyewe haiwezi kuachwa bila mtu au hakuna mwingine wa kuifanya. Yai juu ya kijiko linaweza kuachwa.

Tumepiga hesabu kwenye kiti cha basi. Toa siku 28 za likizo, zinabaki Ijumaa 48 hivi. Saa moja na nusu kila Ijumaa ni saa 72 kwa mwaka. Wiki ya kazi ya kawaida kwa sheria ileile haizidi saa 45. Kwa hiyo kila mwaka tunampa mwajiri wiki moja na nusu na chenji, kwa jina la undugu. Kama ni ovataimu, saa hizo zingelipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida.

Wapo wanaokatwa pia. Mwenzetu mmoja wa Mugumu anakatwa shilingi 5,000 kila mwezi "za chakula cha pamoja", na hajawahi kusaini popote kukubali. Kifungu cha 28 hakimruhusu mwajiri kukata mshahara apendavyo: lazima kuwe na sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mahakama, au deni ambalo mfanyakazi mwenyewe amelikubali kwa maandishi. Mlo uliolazimishwa ukaliwa na kukatiwa pesa sijui tuuite deni la nani.

Wakubwa wetu wana jibu wanalolipenda. Wanasema, "Ninyi Waafrika, ninyi Wakurya hasa, mmekula pamoja tangu mababu." Ni kweli. Tena mababu walikuwa na risaga. Mtu akizidiwa na palizi au ujenzi aliita majirani, wakaja na majembe yao, wakafanya kazi, na jioni wakakaa kwenye chakula na pombe ya ulezi. Lakini pale hapakuwa na ujanja. Chakula kilikuwa ndio ujira, kililetwa kazi ikiisha, na aliyeitiwa watu leo naye kesho alibeba jembe kwenda kwa mwenzake. Hatujamwona meneja na jembe Nyamwaga. Na risaga haikuwa na daftari.

Tena hao mababu wanaotajwa walijua nani anakula na nani. Kuna kijana mmoja ofisi fulani ya Tarime ambaye mhasibu wao ni mama mkwe wake. Kwa Kikurya mtu hali mbele ya mama mkwe, hiyo haina mjadala. Kila Ijumaa kijana anapangiwa meza namba 3, mama mkwe meza namba 4, wote wawili wanaangalia ukuta na sahani zinapoa. Afisa utumishi ameandika kwamba "hawashiriki kikamilifu".

Hapo hatujataja Ramadhani, Mwislamu anaposaini na kukaa mbele ya sahani tupu saa moja na nusu. Wala Wasabato, ambao mkoa huu wa Mara umejaa, pale mlo unapohamishiwa Jumamosi "ili tusiathiri uzalishaji". Mama anayenyonyesha ana haki kisheria ya kwenda kumnyonyesha mtoto, si zaidi ya saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Mmoja wetu aliambiwa aende baada ya hotuba. Mtoto hakuelewa hotuba.

Wala jambo hili si la Mara peke yake. Korea Kusini mlo na ulevi wa jioni na bosi una jina lake kabisa, hoesik, na vijana wa huko wameuchoka. Ufaransa, mfanyakazi wa kampuni ya ushauri alifukuzwa kwa sababu, pamoja na mengine, hakutaka ile "furaha" ya lazima ya vinywaji na makongamano ya kazini. Kesi ilifika mahakama ya juu, na tarehe 9 Novemba 2022 ikaamuliwa kwamba mtu hawezi kuadhibiwa kwa kukataa kuchangamka. Tuliposomeana habari hiyo kwenye basi, konda ndiye aliyecheka kuliko wote. Alisema yeye analala na kula na dereva wake siku sita kwa wiki, na hajawahi kuambiwa wachezee yai.

Tunajua tutaambiwa hatuna shukrani. Tunajua pia kwamba wapo wenzetu wanaoupenda mlo huo kwa dhati, hasa walio mbali na kwao, ambao Ijumaa ndiyo siku pekee wanayokula nyama. Hao waleteeni chakula, na walioamua kukaa nao wakae. Sisi wengine tuacheni tukale kwa mama ntilie wetu nyuma ya stendi, ambaye Ijumaa siku hizi anamwaga mboga kwa kukosa wateja, au tukalale dakika 60 chini ya mwembe. Hatuombi karamu ifutwe, wala hatuombi sahani kubwa zaidi.

Waheshimiwa waajiri, Ijumaa ijayo chagueni kimoja. Mkilileta daftari ukumbini, iandikeni saa hiyo kwenye hati ya mshahara. Msipotaka kuiandika, daftari libaki ofisini na mlango wa ukumbi uwe wazi. Madai yetu yana muda wa siku 60 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na Tume iko Musoma, na nauli tumeshaanza kuchangishana.