Mlima Haujui Likizo Yako

Sisi watu wa pwani tuna elimu moja tuliyorithi kwa wazee, nayo ni kujua kwamba bahari hufungwa. Haifungwi kwa kufuli wala kwa amri ya serikali. Kusi ikikaza, Juni mpaka Agosti, nahodha mwenye akili hukivuta chombo chake pwani, akakikalafati na kukipaka sifa, akangoja demani. Hakuna aliyemwita mwoga. Wala mwenye shughuli zake Lamu au Unguja hakuthubutu kumwendea nahodha na kumwambia, "Mimi nafasi yangu ni Julai, basi tweka tanga." Jambo hili lililo wazi baharini nimeona linasahauliwa upesi mno na watu wanaopanda pikipiki na kuelekea milimani.

Nasema haya kwa kuwa mpwa wangu, afanyaye kazi Ujerumani, anapanga na wenzake wawili, mmoja wao kijana wa hapa hapa Mombasa, kuzuru milima ya ng'ambo kwa pikipiki katika majira ya machipuko. Likizo yake ni siku kumi, nazo zimeangukia Aprili. Mpango wa kwanza ulikuwa milima ya Alps. Walitaka kupanda Stelvio kule Italia, mita 2,757 juu ya bahari, njia yenye kona kali 48 kwa upande mmoja tu, iliyojengwa na dola ya Austria kati ya 1820 na 1825. Kisha waingie Ufaransa waivuke Col de l'Iseran, mita 2,764. Mpango wa kupendeza, ila Aprili njia zote mbili huwa zimelala chini ya theluji. Stelvio kwa desturi hufunguliwa mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, na Iseran aghalabu hungoja Juni. Kalenda husema machipuko yameingia Machi, lakini machipuko ya mlimani hupanda kwa miguu. Huanza bondeni, yakapanda kidogo kidogo, na wakati miti ya chini imekwisha kuchanua, juu bado mitambo inachimba theluji barabarani.

(Waarabu nao waliuita mwezi wa Rabiu-l-Awwal, huu wetu wa Mfungo Sita, kwa jina la machipuko. Lakini mwezi mwandamo huzunguka mwaka mzima, na jina limebaki na Mfungo Sita hata unapoangukia kiangazi. Kwa hiyo si vijana wetu tu waliopata kudhani kwamba jina la msimu ni msimu wenyewe.)

Basi wakaiacha Alps, wakachagua Moroko, milima ya Atlas. Uchaguzi huo nauunga mkono kwa mikono miwili. Atlas iko kusini zaidi, jua lake ni kali zaidi, na barabara zake kubwa hupitika karibu mwaka mzima, isipokuwa siku theluji inapoanguka, ndipo vizuizi hushushwa na watu wakangoja. Wenyeji wa huko, Waamazigh, pale barabara inapovuka mgongo wa mlima hupaita "tizi". Tizi n'Tichka, kati ya Marrakech na Ouarzazate, ina mita 2,260. Tizi n'Test, upande wa magharibi yake, inakaribia 2,100. Na juu ya yote umesimama mlima Toubkal, mita 4,167, mrefu kuliko yote ya Afrika ya Kaskazini. Aprili kilele chake bado cheupe, na maji ya theluji yake ndiyo yanayonywesha mashamba ya mabondeni.

Kufikia hapo hatukuwa na ugomvi. Ugomvi ulianza waliponionyesha ratiba. Kila siku kilomita 350. Leo Tichka, kesho korongo la Dades, keshokutwa wapande mpaka Imilchil, kisha wazunguke warudi kwa Tizi n'Test, na siku ya mwisho wakimbilie Tanja kupanda meli. Hata siku moja haikuwa tupu. "Mjomba," akanambia mpwa wangu, "kilomita 350 kwetu kule ni muda wa saa tatu na nusu." Ni kweli, kwao kule. Lakini kilomita ni kipimo cha nchi tambarare. Kutoka Marrakech hadi Ouarzazate ni kilomita kama 200 tu, kupita kidogo masafa ya Mombasa na Voi, nayo humla mtu muda wa saa nne na zaidi, bila kuhesabu kusimama kunywa chai wala kungoja lori lililochoka mbele yako.

Na tuupime mlima kwa vipimo vyake. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua takriban nyuzi sita. Marrakech iko chini ya mita 500. Ukiondoka hapo kwenye nyuzi 24 umevaa shati, juu ya Tichka utakuta kama 13, na upepo wa mwendo wa pikipiki haujatiwa hesabuni. Injini nayo huvuta pumzi kama sisi. Kwa kila mita 1,000 hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake, kwa kuwa hewa imekuwa nyepesi. Katika kuteremka, anayeshikilia breki muda wote huzichemsha mpaka zisishike. Yapasa kuteremka kwa gia ndogo na kuiachia injini kazi ya kuzuia. Haya mpwa wangu anayajua kunishinda. Alilokuwa hajalipima ni saa.

Asubuhi na mapema, mahali penye kivuli cha jabali, maji yaliyotiririka jana juu ya lami huwa yameganda barafu, na barafu hiyo haionekani mpaka tairi ya mbele imekwisha kuikanyaga. Kwa hiyo mtu asitoke kabla jua halijapanda vizuri. Lakini jua hilo hilo huyeyusha theluji ya juu, na jioni vijito hujaa kuliko asubuhi. Kwenye barabara ndogo zinazokatizwa na vijito, ulipovuka saa tatu maji yakiwa ya kifundo cha mguu, saa kumi huenda yakawa ya goti, na mawe yameporomoka barabarani. Mwendo salama wa siku basi una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mimi ningewaambia waondoke saa tatu ya asubuhi, na Alasiri iwakute wamekwisha kufika. Ndani ya nafasi hiyo, kilomita 150 za mlimani ni kazi ya siku nzima ya mtu mwenye heshima zake. Zilizobaki 200 za ratiba yao ni za gizani.

Kuna la kijana wetu wa Mombasa, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Moroko watu huendesha kulia. Mpwa wangu amelizoea hilo huko Ujerumani, lakini mwenziwe amekulia kushoto. Kwenye barabara tupu atakumbuka. Siku atakayoshtushwa, lori limemtokea ghafla kwenye kona, mwili wake utafanya ulichozoea tangu utotoni, akwepe kushoto, nako kushoto ndiko liliko lori. Tena pwani yetu hii haina mlima wa kumfunza kona. Basi kabla ya kununua tiketi na aende Taita, apande na kushuka barabara ya Mwatate na Wundanyi siku mbili tatu, mvua na jua. Na atakapofika Moroko, siku ya kwanza yote asipande mlima, aendeshe tambarare tu mpaka mkono wa kulia uwe umeingia damuni. Ratiba yao ilimtoa uwanja wa ndege ikamtia Tichka siku iyo hiyo.

Wapo watakaosema huu ni uoga wa mzee, na vijana na waachwe waione dunia. Mimi sikatazi safari. Na watu wa Atlas wanazo habari zao za zamani juu ya msafiri aliyelazimishwa na wakati. Ibn Battuta, yule aliyepita Mombasa yetu mwaka 1331 akienda Kilwa, akaandika habari za wenyeji na misikiti yao ya mbao, alizaliwa Tanja mwaka 1304. Karibu na mwisho wa safari zake, akiwa jangwani akirudi kutoka Mali, ilimfikia amri ya Sultani Abu Inan arejee Fez. Hakuwa na hiari ya kuchagua msimu. Akafika Sijilmasa, karibu na Rissani ya leo, akaivuka Atlas katika baridi, mwisho wa 1353 kuingia 1354. Mtu huyo alikwisha kuiona theluji ya Bukhara na Samarkand, ya Khurasani na ya nchi za Waturuki. Anasimulia kwamba katika zote hizo hakukuta njia ngumu kuliko ile ya nchini kwao. Yeye alisukumwa na sultani. Vijana wetu wanasukumwa na barua ya likizo, lakini barua ya likizo hujibiwa kwa kupunguza vituo.

Siku kumi si haba. Ondoa mbili za kufika na kuondoka, ondoa na ile ya kuzoea mkono wa kulia. Weka mbili za akiba zisizo na jina, za kungoja kizuizi kikiwa kimeshushwa au mwenzio akiwa na homa. Zinabaki tano za milima. Tano zinatosha Tichka, Ouarzazate na Dades, kwenda na kurudi, bila ya mtu kukimbizwa. Imilchil iachwe. Najua wataumia, kwani njia ya kutoka Dades kupanda huko inapita juu zaidi ya Tichka na picha zake ni nzuri. Lakini vituo vya petroli ni haba, na Aprili haijulikani kama imefunguka mpaka umeuliza siku hiyo hiyo. Katika usafiri wa majahazi wazee walituambia tusisafirie nyota ya mwenzetu. Picha ya mtu aliyepita Imilchil mwezi wa Juni ni nyota ya mwenzio.

Mambo ya makaratasi nayapita haraka. Mwenye kuvusha pikipiki yake kutoka Ulaya atazame kadi yake ya bima ya kimataifa, aone kwamba herufi MA hazikukatwa, la sivyo anunue bima nyingine mpakani. Na atunze hati ya forodha ya kuiingiza kwa muda, maana bila hiyo kutoka ni taabu. Anayekodi Marrakech asome bima inamlipia nini akivunjika mguu mbali na hospitali. Na atazame mwezi pia. Mwaka 2024 Ramadhani iliangukia Machi na Aprili. Mwaka 2026 ilianza Februari, na kila mwaka hurudi nyuma siku kama kumi na moja. Ikikutana na safari si vibaya, ila magharibi inapokaribia mtu asiwe barabarani, kwa kuwa kila dereva anaikimbilia futari, na njaa si dereva mzuri.

Limebaki la Tizi n'Test. Usiku wa tarehe 8 Septemba 2023 ardhi ilitetemeka katika milima hiyo kwa nguvu ya 6.8, na watu karibu 3,000 wakafa, wengi katika vijiji vya udongo na mawe vilivyoning'inia juu ya mabonde. Barabara ya Tizi n'Test ilizibwa na majabali. Msikiti wa Tinmal, uliojengwa na Wamuwahidi katika karne ya 12, uliokuwa ukikarabatiwa wakati huo, ulibomoka sehemu kubwa. Katika ratiba ya vijana, bonde hilo lote lilipewa muda wa asubuhi moja, la kupita.

Mpwa wangu aliniuliza kama basi waliache kabisa, wasije wakaonekana wanatalii juu ya msiba wa watu. Nikamwambia hapana. Kijiji kilichozikwa nusu hakiponi kwa wageni kukikwepa. Mwenye mkahawa wa barabarani aliyejenga upya kibanda chake anangoja mtu wa kununua mkate na tajini yake. Kinachoudhi ni pikipiki tatu zinazonguruma katikati ya nyumba, zinasimama dakika mbili kupiga picha ya ukuta uliopasuka, zikaondoka. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee, na huyo si mgeni aliyetajwa hapo.

Kwa hiyo wakitaka Tizi n'Test, wayatoe makorongo ya Dades waipe siku mbili nzima. Waulize kwanza Marrakech hali ya barabara, kwani kazi za kuitengeneza ziliendelea muda mrefu baada ya tetemeko. Walale bondeni, kwenye nyumba ya mwenyeji, kwa malipo yake kamili bila kuombana. Wafikapo kijijini wateremke injini ikiwa imezimwa, watoe salamu kwanza. Kiarabu chao cha chuoni kitatosha kwa salamu, na baada ya hapo atatokea mtoto ajuaye Kifaransa. Kamera ibaki mfukoni mpaka mwenyewe aseme. Nimemwandikia haya yote mpwa wangu, na jibu lake limefika juzi: Tizi n'Test wanaitaka, Dades hawaiachi, na wananiuliza kama siku moja ya akiba haiwezi kutolewa.

Haiwezi.