Sindano Nayo Ina Nyumba Yake

Jumapili hii ukurasa wetu unatoka Kerege. Kwa asiyeijua, Kerege ni kata ya Wilaya ya Bagamoyo, kandokando ya barabara itokayo Dar es Salaam; ukishapita Bunju na Mapinga umekwisha fika, na ukiendelea mbele utaikuta Zinga.

Huko anakaa shangazi yangu. Siku moja ya likizo ya katikati ya mwaka nilikwenda kumwamkia, nikiwa nimefuatana na mwanangu mwenye umri wa miaka tisa. Tulimkuta barazani, khanga iliyofumuka pindo imelala mapajani, mwenyewe ametulia tuli kama mtu anayengoja basi. Kumbe alikuwa akingoja macho. Macho yake hayalioni tena tundu la sindano, na wajukuu wote walikuwa wamekwenda kucheza mikoroshoni.

“Marahaba, mwanangu, karibu,” aliniitikia. “Lakini kabla hujakaa, nitungie uzi.”

“Sindano iko wapi, shangazi?”

“Tazama kwenye pazia. Ukiikosa hapo, tazama kwenye kalenda. Ukiikosa hapo pia, basi tembea taratibu.”

Niliikuta kwenye pazia, imeshika kutu hadi inakataa kupenya kitambaa. Maneno yale ya “tembea taratibu” hayakuwa mzaha. Mwaka juzi mjukuu wake mmoja alikanyaga sindano iliyokuwa imejificha katika mkeka. Ikakatika, nusu ikabaki ndani ya unyayo, na mtoto ikabidi apelekwe hospitali akapasuliwe. Tangu siku hiyo shangazi alipiga marufuku: mtoto yeyote wa nyumba ile asiguse sindano.

Nilimheshimu shangazi, lakini moyoni nilijiuliza swali ambalo nawaachia na ninyi wazazi wenzangu. Mtoto yule aliyeumia hakuwa ameshika sindano. Hakuwa anashona wala kuchezea. Sindano iliangushwa na mtu mzima, na iliangushwa kwa sababu haikuwa na mahali pake. Je, marufuku ile ilimwadhibu nani? Kisu kina pahali pake jikoni, taa ina msumari wake ukutani. Sindano peke yake ndiyo tunayoichomeka popote mkono unapofika.

Basi siku ile tulikubaliana na shangazi kwamba badala ya kuwaficha watoto sindano, watoto wenyewe waijengee nyumba. Tulishona kijitabu cha sindano: jalada la nje na kurasa mbili za kitambaa ndani, ambamo sindano huchomekwa na kufunikwa. Ni kazi ya alasiri moja.

Kitambaa kinachofaa kwa kurasa hizo ni kile cha sufu iliyoshindiliwa, cha namna ya tarbushi. Hicho hakikufumwa kwa nyuzi za kupishana. Ni manyoya ya kondoo yaliyosongwa kwa maji ya moto na msuguano hata yakashikana. Ndiyo maana ukikikata hakifumuki, na mtoto hana haja ya kukunja pindo.

Kukipata dukani si rahisi, lakini njia ipo. Katika mafungu ya mitumba huwamo masweta ya sufu ambayo kwa joto letu la pwani hayana wanunuzi wengi. Chukua moja, kisha uchomoe uzi mmoja na kuuchoma. Ukinuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopondeka, hiyo ni sufu. Ukiyeyuka na kufanya kijidonge kigumu, hiyo ni nailoni, haifai. Kisha litumbukize sweta katika maji ya moto yenye sabuni, ulikoroge kwa mwiko, na maji yakipoa kiasi cha kuvumilika ulifikiche kwa nguvu na kulisuuza kwa maji baridi. Rudia hadi linywee na macho ya ufumaji yasionekane. Kazi hii ya moto ni ya mtu mzima. Yako masweta ya sufu yasiyokubali kunywea. Ukilikuta la namna hiyo, kipande cha blanketi zito kuukuu kitafaa badala yake, ila ukingo wake uzungushiwe uzi.

Kitambaa kikikauka, kata jalada moja lenye urefu wa sentimita 16 na upana wa sentimita 10, na kurasa mbili zenye urefu wa sentimita 14 na upana wa sentimita 8. Mtoto wa miaka saba au minane aweza kukata mwenyewe kwa kufuata mstari wa chaki. Mdogo zaidi achague rangi na kifungo.

Mapambo hutangulia, maana kitabu kikishafungwa mkono haupiti vizuri. Sisi tulikata kipande cha ile khanga ya shangazi iliyochoka, tukakunja kingo zake kwa ndani, tukakishikiza juu ya jalada kwa mshono wa bandi: sindano inazama, inaibuka, kwa hatua zilizo sawa. Watoto waligombea sehemu ya kukata. Mmoja alitaka maua ya mji, mwingine alitaka pindo, na mwanangu akataka neno moja la jina la khanga. Shangazi aliamua kila mmoja apate jalada lake.

Kisha panga kurasa juu ya jalada, zikae katikati, upige mstari wa chaki pale kitabu kitakapokunjwa. Shona juu ya mstari huo kwa mshono wa kurudi nyuma: kila hatua moja ya mbele, sindano irudi kugusa mwisho wa hatua iliyopita. Malizia kwa kifungo cha shati kuukuu upande mmoja na kitanzi cha uzi maradufu upande wa pili.

Haya sasa mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, mpe mtoto sindano nene yenye tundu kubwa. Sindano za mkono huhesabiwa kwa namba, na namba ikizidi kupanda ndivyo sindano inavyozidi kuwa nyembamba. Pili, uzi usizidi urefu wa mkono wake, kutoka begani hadi vidoleni. Uzi mrefu hujifunga mafundo na kumkatisha mtoto tamaa. Tatu, hesabuni sindano kabla ya kazi na baada ya kazi, kwa sauti. Zikipungua, hakuna anayeinuka.

Na akichomwa? Kidole huoshwa kwa maji na sabuni, na kazi huendelea. Lakini sindano ikiingia ndani mguuni, au ikikatika, usichokoe nyumbani. Mpeleke mtoto zahanati, na uulize kama chanjo yake ya pepopunda imekamilika. Pepopunda huletwa na vijidudu vinavyokaa udongoni, na jeraha jembamba lililozama ndani huvipa maficho.

Mwanangu, nikiri, alikwisha kunong'ona kwamba kushona ni kazi ya wasichana. Shangazi alimsikia. Akamwuliza ni nani aliyemshonea kaptura ya shule. Mtoto akakumbuka kwamba ni fundi mwanamume, mwenye cherehani yake barazani mtaani kwetu. Tena pwani yetu ina kofia zinazoshonwa kwa mkono, vitundu vidogo kwa mamia vikizungushiwa uzi kimoja kimoja, na wanaume wamo miongoni mwa wazishonao. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alilalamikia shule inayomfanya kijana adharau kazi ya mikono. Dharau hiyo huanza mapema, na huanzia nyumbani.

Jua lilipoelekea kuzama, sindano tano zilikuwa zimelala katika kijitabu. Zile zenye kutu tulizifunga katika karatasi ngumu na kuzitia katika kopo lenye kifuniko, maana unyevu na chumvi ya hewa ya bahari havisamehi chuma kilichoachwa wazi. Kijitabu chenyewe tulikiweka pakavu, sandukuni, mbali na dirisha.

Wiki iliyopita nilimpigia shangazi simu kumjulia hali. Akaniambia kwamba siku hizi wajukuu hupokezana zamu ya kumtungia uzi kabla ya kwenda kucheza, na kila jioni mmoja wao hufungua kijitabu, akahesabu, akatangaza. Nilipomwuliza juu ya ile marufuku, alicheka. Kisha nikasikia sauti ya mtoto nyuma yake: “Bibi, ziko tano.”

Je, wewe msomaji, zako ziko ngapi, na ziko wapi?