Tamasha la siku tano, sheria ya siku sita

Kila mwaka, tarehe 23 hadi 27 Februari, Songea inakuwa mji mwingine. Lizombe inapigwa, wazee wanavaa mavazi ya kivita, misafara ya viongozi inaingia, na Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge inajaa watu waliokuja kuwakumbuka mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Tangu Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aje hapa Novemba 2023 kuomba msamaha, hata watu wa mbali wanajua Songea iko wapi. Tuna pia Majimaji Selebuka, iliyoanza 2015, nayo ina ngoma zake, baiskeli zake na mabanda ya wajasiriamali.

Ninaiheshimu sana kumbukizi hii. Ila leo nataka tuongelee watu wasiotajwa kwenye hotuba: wanaofunga maturubai, wanaopanga viti, wanaoosha sahani, wanaolinda spika usiku kucha, wanaofagia asubuhi. Hao ni sisi, makamanda.

Mtu wa Dar anaweza kudharau mchongo wa siku tano. Haijui Februari ya Ruvuma huyo. Mahindi bado yako shambani, ya mwaka jana yanaelekea kuisha ghalani, msimu wa kahawa Mbinga bado, na pesa ya kuuza mahindi haionekani mpaka Julai, Agosti huko. Mahitaji ya shule ya Januari yameshakomba kilichobaki. Kwa kijana wa Lizaboni au Bombambili, siku tano za deiwaka ni kodi ya chumba. Ndiyo maana anakubali chochote anachoambiwa, na anayemwajiri anajua kwamba atakubali.

Anaupataje huo mchongo? Tangazo huwezi kuliona popote. Mwenye maturubai anampigia mtu wake, mtu wake anampigia shemeji yake, au mwenyekiti wa mtaa anaulizwa kama ana vijana watano na anawataja anaowajua. Kama sura yako ilionekana kwenye mkutano wetu wa hadhara, mengine jaza mwenyewe.

Mdogo wangu aliwahi kuupata, kwenye sherehe moja ya mkoani hapa ambayo sitaitaja. Aliambiwa kwa mdomo elfu 15 kwa siku. Alihudumia wageni siku tatu, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Mwisho akapewa elfu 20 na soda, bajeti imebana. Alipohoji akajibiwa: "Si mlikuja kujitolea nyie?"

Hilo la kujitolea sheria imeshalijibu. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi anachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa jambo mojawapo kati ya kadhaa lipo: mfano, namna anavyofanya kazi inaongozwa na huyo mwingine, saa zake zinapangwa na huyo mwingine, au amepewa vifaa vya kazi. Aliyekupa aproni, akakupangia saa ya kufika na meza ya kuhudumia, hawezi kuamka kesho akakuita wa kujitolea. Kazi ni yake kuthibitisha.

Na saa? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza mtu kufanyishwa kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Ukifanya mfululizo zaidi ya saa tano, una haki ya mapumziko ya dakika 60. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kila saa ina nyongeza ya asilimia 5. Wanaolinda spika, mmesikia?

Sasa sehemu inayouma. Kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, malipo kiasi gani. Lakini kifungu cha 13 kinawatoa wanaomfanyia mwajiri mmoja kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Hesabu kutoka 23 mpaka 27. Tano! Tamasha letu kubwa kuliko yote linapita chini ya mstari kwa siku moja.

Sisemi mtu alipanga hivyo. Nasema anayefaidika nalo hana sababu ya kulalamika. Kwa hiyo hesabuni vizuri: siku ya kufunga maturubai kabla ya wageni ni siku ya kazi, na siku ya kuyafungua ni siku ya kazi. Ukianza tarehe 22 kwa mwajiri huyohuyo, umeshafika sita, dai karatasi yako. Ukiwa na tano tu, makubaliano ya mdomo bado ni mkataba, shida ni ushahidi. Mtumie bosi ujumbe kabla hujaanza: "Shikamoo mzee, nathibitisha nitakuja kesho saa 12, elfu 15 kwa siku kama tulivyoongea." Akijibu "poa", usiufute.

Chama chetu kidai nini? Kwanza kifungu cha 13 kirekebishwe, maana mtu wa siku tano ndiye anayehitaji karatasi kuliko wote. Wakati hilo linasubiri Bunge, kuna lisilosubiri. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imewatengea vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma. Makumbusho ni ya Taifa, Manispaa ni ya umma. Viti, chakula na usafi vikinunuliwa kwa fedha ya umma, tuulize kwa barua ni vikundi gani vya vijana wa Songea vilipata. Na vikundi vyetu visajiliwe NeST mapema, tusije tukaulizwa nasi tulikuwa wapi.

Halafu tuanzie nyumbani. Kijana anayebeba spika kwenye mkutano wetu naye ana njaa. "Mapambano" hayalipi kodi ya chumba. Viongozi wa mkoa, hili mnalisoma.

Kama ulifanya kazi Februari hii na hujalipwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ipo hapahapa mjini. Dai la ujira lina siku 60, na zinahesabiwa tangu mgogoro ulipoanza. Ahadi za "njoo wiki ijayo" hazisimamishi kalenda. Nenda na simu yako yenye ile "poa".