Tumeshajibu, Wanetu

Ukiona kijana kashuka stendi ya Mtwara, mkoba mgongoni, bahasha kaibana kwapani, shati kachomekea na jua lote hili, usidhani kaja kununua korosho. Korosho zina msimu, huyu hana. Ni mwanafunzi wa uzamili wa Kiingereza, na kaja kututafiti.

Tuseme tu, maana barazani kila mtu analisema na gazetini halisemi mtu: tumechoka kutafitiwa. Si kwamba tunawachukia. Ni wanetu, shikamoo zao ni za adabu, vibali vyao vimepita wilayani, vikapita kwa mtendaji wa kata, vikaishia kwa mwenyekiti wa mtaa anayevigonga muhuri bila kuvisoma kwa kuwa vimeandikwa kwa kimombo. Lakini mada zao, jamani! Mmoja anatafiti kwa nini watoto wa kidato cha pili hawakielewi Kiingereza. Wa pili anatafiti Kimakonde kinavyoharibu matamshi ya Kiingereza. Wa tatu anatafiti walimu wanaofundisha kwa Kiingereza na kufafanua kwa Kiswahili. Wa nne anatafiti mtazamo wa wazazi. Wa tano ana mada ya yule wa kwanza, kata ndiyo imebadilika.

Dodoso nalo liko kwa Kiingereza. Mama katoka kuokota chaza Msimbati, ndoo bado iko kichwani, anasimamishwa njiani atafsiriwe swali la kumi na nne, kisha achague kisanduku: nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Chaza wanaanza kunuka. Mama anasema, "Mwanangu, weka vema hapo unapoona panafaa." Na hivyo ndivyo mtazamo wa wazazi unavyopatikana.

Kinachouma ni kwamba jibu lipo siku nyingi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Serikali ikakataa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, wakapima wanafunzi wetu, wakakuta wengi mno hawawezi kufuata masomo kwa Kiingereza, kisha wakashauri Kiingereza kiendelee ila kiongezewe nguvu. Vitabu vikaja. Mwaka 1997 Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro wakaandika kitabu kizima juu ya janga hilohilo. Watafiti wengi wanaotugongea milango leo hawakuwa wamezaliwa, na mtoto wa kidato cha pili bado anakariri ufafanuzi wa usanisinuru kwa ung'eng'e huku mhogo unaota nyuma ya darasa bila kujua Kiingereza.

Wa fasihi nao wana yao. Tangu Abdulrazak Gurnah apate Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, kila mmoja anatafiti Bahari ya Hindi. Wanakaa Mikindani, wanaliangalia lile boma la Wajerumani, halafu wanawauliza wazee wanaikumbukaje bahari. Wazee wanaikumbuka vizuri, iko pale. Ukimwomba mtafiti akuachie riwaya yenyewe ya Gurnah usome, hata ile tafsiri ya Kiswahili, Peponi, iliyotoka mwaka 2022, anakwambia ni ya maktaba.

Mwingine kaenda hadi Kilambo, mtoni Ruvuma, kutafiti matumizi ya Kiingereza katika biashara ya mpakani. Sasa ng'ambo ya mto kuna Wamakonde, upande huu kuna Wamakonde. Bei inatajwa kwa Kimakonde, ubishi unaendelea kwa Kiswahili, na akipita askari wa Msumbiji yanatolewa maneno mawili matatu ya Kireno ili mambo yasiwe mengi. Kijana kazunguka na kinasa sauti kutwa nzima. Kiingereza pekee alichorekodi ni chake.

Basi, watafiti huondoka. Tasnifu inaandikwa, inatetewa, joho linavaliwa, picha zinapigwa, kitabu kinawekwa rafuni Dar es Salaam. Hatujaona nakala yake hata moja kwenye ofisi ya kata. Tunasikia tu kwamba mle ndani sisi tunaitwa "wahojiwa", na kwamba ukurasa wa mwisho unapendekeza utafiti zaidi ufanyike.

Nao utafanyika. Tutapisha mvua za masika, atashuka mwingine na bahasha yake, atatuamkia, atatugawia soda. Tutamjibu, si majibu tunayo? Tunamwomba tu msimamizi wake huko chuoni amkumbushe jambo moja: soda iwe ya baridi.