Askari na miti ya wafalme

Wako watu wasemao kwamba Burundi haina magofu. Husema hivyo wageni wanaofikia katika hoteli za Rohero, na kwa bahati mbaya husema hivyo pia baadhi ya vijana wetu waliosoma. Wameona picha za Kilwa na za Gede, kuta za mawe ya matumbawe zilizosimama pwani tangu kabla ya Wareno, nao wakiitazama milima ya Muramvya hawaoni ukuta hata mmoja. Basi hukata shauri kwamba hapa hapakuwa na kitu. Sisi twaona shauri hilo si la kweli, na tena ni la hatari. Hatari yenyewe yawahusu kwanza ndugu zetu wa Jeshi la Ulinzi la Taifa na wa Polisi, ambao ndio tunaokusudia kusema nao leo.

Wafalme wa Burundi, akina Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa, hawakujenga kwa mawe. Walijenga kwa miti na nyasi, na makao yao yalikuwa mengi, maana mfalme hakukaa mahali pamoja. Kila boma lilizungushiwa ua wa miti iliyochomekwa ardhini ikiwa bado mibichi. Mfalme alipohama au alipokufa, nyumba iliporomoka kwa mvua za miaka michache, lakini ule ua haukuporomoka. Ulikuwa umekwisha kuota mizizi. Ulikua, ukanenepa, ukawa kichaka, na kichaka kikawa msitu mdogo juu ya kilima, ambao hakuna mtu aliyethubutu kuupiga shoka. Wazee waliupa jina linalojieleza lenyewe: intatemwa, yaani isiyokatwa.

Hayo ndiyo magofu yetu. Yana majani na yana ndege. Anayejua kuyasoma huyasoma kama msomi wa mambo ya kale asomavyo msingi wa msikiti uliobomoka. Akiuona umuvumu, mti wa jamii ya mkuyu ambao magome yake yalipondwa yakawa nguo, umesimama na wenzake katika duara, hujua kwamba hapo palikuwa na ua wa watu. Akiukuta umurinzi, mti wa maua mekundu uliotumiwa katika ibada za Kiranga, hujua kwamba hapo paliheshimiwa. Jina la mti huo halihitaji mkalimani kwa msemaji wa Kiswahili. Umurinzi ni mlinzi.

Katika nyanda za juu za Nkiko-Mugamba, karibu na ukingo wa msitu wa Kibira, ndiko walikolazwa wafalme wa kale. Mama zao, wenye daraja ya mugabekazi, walilazwa Mpotsa. Mwaka 2007 Serikali iliyaandikisha maeneo hayo, pamoja na yale ya Muramvya, katika orodha ya UNESCO ya mahali panapongoja kufikiriwa kuwa urithi wa dunia. Si jambo dogo. Lakini mwulize dereva yeyote wa Bujumbura ampeleke mgeni kwenye mambo ya kale, naye atampeleka Mugere, kwenye jiwe la Livingstone na Stanley la mwaka 1871, au Rutovu, kwenye piramidi iliyojengwa mwaka 1938 baada ya Mjerumani Waldecker kukitafuta chanzo cha Nile. Hatuyadharau mawe hayo. Twasema tu kwamba ni ajabu taifa kuonyesha mahali wageni walipopumzika, na kusahau mahali wafalme wake walipolala.

Sasa tuingie katika Kibira yenyewe, kwa sababu makaburi na msitu hayaachani. Kabla ya wakoloni Kibira ilikuwa msitu wa mfalme na mahali pake pa kuwinda. Wabelgiji waliufanya msitu wa akiba mwaka 1933. Tarehe 3 Machi 1980 sheria ya Jamhuri iliifanya hifadhi ya taifa, pamoja na Ruvubu na maeneo mengine. Ni eneo la kilomita za mraba zipatazo 400, juu ya mgongo wa milima unaogawa maji ya Kongo na maji ya Nile, nalo limeungana na msitu wa Nyungwe wa Rwanda. Humo wamo sokwe, mbega, kima na nyani, na ndege wa aina zaidi ya 200. Tembo hawamo tena, wala humkuti tembo mkaazi popote nchini. Hilo lilipita machoni pa wazee wetu, na hakuna gofu linaloonyesha kwamba walikuwapo.

Na humo yamo maji. Mtambo wa umeme wa Rwegura, ulioanza kazi mwaka 1986 ukiwa na nguvu ya megawati 18, unakunywa maji ya Kibira. Afisa anayeandika taarifa yake usiku ofisini Rohero na kulalamika kwamba taa imezimika, afahamu kwamba sehemu ya mwanga wake huanzia katika ukungu wa msitu ule.

Huenda msomaji akafikiri kwamba mchanganyiko huu wa wafalme waliokufa na wanyama walio hai ni jambo la kwetu peke yetu. Sivyo. Katika nchi ya India, jimbo la Rajasthan, kuna hifadhi iitwayo Ranthambore. Katikati yake, juu ya mwamba, imesimama ngome kubwa ambayo Sultani Alauddin Khalji wa Delhi aliiteka mwaka 1301, na mfalme Akbar akaiteka tena zaidi ya miaka 250 baadaye. Chini ya ngome yako maziwa na majumba ya kuwindia yaliyobaki nusu, na katika mabaki hayo hulala chui milia, yule paka mkubwa mwenye mistari ambaye Afrika hatuna. Mgeni huweza kumwona amejinyoosha katika baraza ya mfalme kana kwamba ndiye mrithi. Huko nako msitu ulikuwa wa kuwindia wa wakubwa, maharaja wa Jaipur na wageni wao. Hata mume wa Malkia wa Uingereza alimpiga risasi chui milia huko mwaka 1961. Mwaka 1973 serikali ya India ilianzisha mpango wa kuwaokoa wanyama hao, na Ranthambore ikawa miongoni mwa hifadhi za kwanza. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1980, mwaka ule ule wa Kibira yetu. Hesabu ya mwaka 1972 ilipata chui milia wapatao 1,800 katika India nzima. Makadirio ya mwaka 2022 yalikuwa 3,682.

Hata hivyo hatukuitaja India ili tuisifu. Katika jimbo hilo hilo kuna hifadhi nyingine, Sariska, nayo ina ngome na magofu yake. Ilikuwa na walinzi, vituo, sare na daftari. Daftari ziliandika mwaka baada ya mwaka kwamba chui milia wapo, zaidi ya kumi. Ilipofika mwaka 2005 wachunguzi walikwenda kutazama kwa macho, wakakuta hayupo hata mmoja. Majangili walikuwa wamewamaliza huku taarifa zikiendelea kupanda ngazi, kutoka kituo hadi wilaya na kutoka wilaya hadi wizara, kila mkubwa akitia sahihi chini ya neno la mdogo wake. Mwaka 2008 ilibidi helikopta ya jeshi la anga imchukue chui milia kutoka Ranthambore na kumpeleka huko ili kizazi kianze upya. Kila askari anaijua taarifa ya namna hiyo. Huitwa taarifa ya "hali ni shwari", na huandikwa na mtu ambaye hakutoka kambini.

Nasi tuna jambo lililo gumu zaidi kuliko la Wahindi. Ngome ya Ranthambore imestahimili mizinga. Intatemwa haistahimili panga. Mtu mmoja mwenye shoka kali anaweza kuangusha katika asubuhi moja mti uliopandwa zamani za Mwezi Gisabo, na jioni ukawa kuni. Tena haubaki ushahidi. Ukuta ukibomolewa husalia kifusi, nacho husema. Mti ukikatwa na kisiki kikang'olewa, mwaka unaofuata hapo pana maharage, na mtoto apitaye hawezi kujua kwamba palikuwa na mfalme. Wala tusijidai kwamba wazee wetu walikuwa watu wasiokata miti. Moja ya ngoma za Gishora huitwa Ruciteme, maana yake ile ambayo kwa ajili yake watu hufyeka msitu. Walifyeka sana. Lakini walijua pa kuishia.

Hapa ndipo tunapowageukia maaskari. Tangu vita vilivyoanza mwaka 1993, Kibira imekuwa maficho ya wenye silaha na uwanja wa mapambano. Wako katika jeshi letu watu wanaoujua msitu ule kuliko mwalimu yeyote wa chuo kikuu: wanajua vijito vyake, wanajua mahali mianzi inapofunga njia, wanajua sauti ya sokwe alfajiri. Walinzi wa hifadhi hawatoshi, na mara nyingi mtu wa kwanza wa Serikali kufika penye mti wa wafalme ni koplo aliye kwenye doria. Akifika hapo bila kuambiwa kitu, ataona nini? Ataona mti mkubwa mkavu upande mmoja, unaofaa kupikia.

Hatumlaumu. Tungependa kusema wazi jambo ambalo mara nyingi husemwa chini chini: kikosi kinachopelekwa mlimani na unga, maharage na mafuta, bila kuni wala gesi, kimepewa amri ya kukata miti, hata kama amri hiyo haikuandikwa popote. Maharage hayaivi kwa uzalendo. Mwenye kutoa posho ndiye anayeamua kama msitu utapona, na mahali pa kuanzia ni ofisi za ugavi huku mjini, kabla ya kumfikia kijana anayetetemeka kwa baridi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Tunajua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba kazi ya jeshi ni usalama, na kwamba nchi yenye matatizo yetu haina nafasi ya kuwafundisha maaskari majina ya miti. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Lakini India, nchi yenye mipaka migumu na maadui wa kweli, iliunda mwaka 1982 kikosi cha maaskari wastaafu kwa ajili ya kuotesha upya miti katika milima ya Mussoorie, iliyokuwa imechimbuliwa chokaa ikabaki mifupa. Hawakuacha kuwa maaskari. Na wanajeshi wetu waliotumwa Mogadishu kuanzia Desemba 2007 wameona wenyewe mji wa kale ulivyo unapokosa mlinzi kwa miaka mingi. Si haki watu waliolinda misikiti na nyumba za kale za wengine warudi nyumbani wakute hawakuambiwa chochote juu ya Nkiko-Mugamba.

Kwa upande wa polisi, kazi ni nyingine. Wao wamekwisha zoea wanyama kuliko wanavyodhaniwa. Kiboko akitoka Rusizi usiku na kuingia katika mitaa ya Bujumbura, ni wao wanaozuia umati usimsogelee. Lakini barabarani, gunia la mkaa ni gunia la mkaa, na ubao ni ubao. Polisi wa kizuizi hawezi kujua kama mzigo umetoka katika shamba la mikaratusi au katika intatemwa, isipokuwa habari imfikie kutoka mlimani kabla ya lori. Basi kituo cha juu na kizuizi cha chini vizungumze. Simu zipo.

Mpango wa upandaji miti ulioanza mwaka 2018, "Ewe Burundi Urambaye", umewatoa wananchi na maaskari wengi wakiwa na majembe, nao ni mpango mwema. Hata hivyo miche elfu kumi haiwi kaburi la mfalme. Yafaa kitu rahisi zaidi kifanyike pamoja nao. Kila kikosi kinapofika mahali papya, mkuu wake awaite wazee wa kilima, na Watwa pia, ambao waliishi na kuwinda katika msitu ule kabla ya kutolewa humo na ambao wanaujua kwa miguu yao. Wamwonyeshe miti isiyokatwa, mmoja mmoja. Naye siku ya kuondoka akikabidhi kituo, pamoja na silaha, redio na ramani, akabidhi na miti hiyo kwa hesabu: aliikuta mingapi, anaiacha mingapi, na iliyopungua imekwenda wapi. Mwenye kupokea aende akaihesabu kwa macho yake kabla ya kutia sahihi.

Orodha ya intatemwa za kila tarafa haiwezi kuzidi karatasi mbili au tatu. Wazee wanaozikumbuka wanapungua kila mwaka, kwa hiyo iandikwe kabla ya masika yajayo, ibandikwe ukutani katika kila kituo, pale pale penye orodha ya zamu.