Nyuzi 90 hazitoshi Newala

Mjomba wangu alivunjika paja kwa ajali ya pikipiki. Hospitali aliyotibiwa iliunga mfupa vizuri, na picha ya eksirei haina kasoro. Alipofunguliwa hogo aliambiwa amepona, akapewa magongo, akarudi Newala na goti lililogoma kukunjika. Mimi nilifundisha Hisabati shule ya msingi mpaka nikastaafu, na kile kipimapembe kikubwa cha ubaoni bado ninacho. Nilimlaza mkekani nikapima: nyuzi 75.

Tuliporudi kliniki, kijana mmoja mpole alitueleza kwamba lengo ni nyuzi 90, kwa kuwa zinamtosha mtu kukaa kwenye kiti. Mjomba akanigeukia. “Mjomba, kwani mimi karani?”

Swali hilo halikujibiwa, nami naona ndilo lilipaswa kuulizwa kwanza. Mzee huyu ana choo cha shimo. Korosho zikianza kudondoka, mwezi wa kumi hivi, kazi yote iko chini ya mti: unainama kuokota, kisha unachuchumaa kutenganisha korosho na bibo, kutwa nzima. Akiswali anakalia miguu yake. Msimu ukiisha anachonga, na wachongaji wetu wa Kimakonde hukaa chini, gogo la mpingo wakalibana kwa nyayo, tezo mkononi. Katika maisha yake yote kiti ni cha kumpisha mgeni.

Madaktari wa mifupa wa Marekani walichapisha kitabu cha kupima viungo mwaka 1965, na humo goti la kawaida linakunjika hadi nyuzi 135. Kuchuchumaa mpaka chini, visigino vikigusa ardhi, kunataka nyuzi 150 au zaidi, tena nyonga na kifundo cha mguu vikubali kukunjika pamoja na goti. Yaani hata goti zima la kitabuni lingepata taabu kwenye choo cha Newala. Ukubwa wa mwendo wa kiungo hutokana na umbo la mifupa, lakini pia na unachokifanya nacho kila siku. Wanaokaa vitini tangu utoto wengi hushindwa kuchuchumaa bila kuinua visigino, na hawaumwi chochote.

Mfupa uliovunjika unataka utulivu, na utulivu huohuo ndio unaoliumiza goti. Lisipokunjwa kwa wiki kadhaa, mfuko unaozunguka kiungo husinyaa, misuli ya mbele ya paja hufupika na kushikamana na kovu. Gegedu nalo halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo husambazwa na mwendo. Ndiyo maana mazoezi huanza mapema kadiri daktari anavyoruhusu, na huanza kidogokidogo. Mjomba alifundishwa kulala chali, kuzungushia kanga kwenye wayo na kuvuta kisigino kuelekea makalioni. Goti linauma, anatukana Kimakonde, anavuta tena. Leo amefika nyuzi 120. Anaokota korosho akiwa amekalia kigoda, na fundi seremala amemtengenezea kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo la choo.

Wapo waliomshauri aende kwa mkandaji “aligonge lifunguke”. Nilikataa, na ningekataa tena. Kiungo kinacholazimishwa kwa nguvu kinaweza kuvunjika upya, na kiwiko ndicho kibaya zaidi: ukikikanda kwa nguvu baada ya jeraha, mfupa unaweza kuota ndani ya msuli, na mkono ukabaki umekunjwa. Lakini siwalaumu majirani. Mkandaji yuko mtaa wa pili. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo yuko wapi?

Chuo cha KCMC kule Moshi kinawafundisha wataalamu hawa tangu miaka ya 1970, kwa hiyo nchi si ngeni kwa kazi hii. Lakini mgonjwa wa Mkunya au Mnyambe, huku huku Newala, hawezi kupanda basi kwenda Mtwara kila wiki kwa ajili ya goti, na akikosa wiki chache kovu limekwisha kukomaa. Halmashauri zetu hukusanya ushuru wa korosho kila msimu, korosho zinazookotwa na magoti haya haya. Zinaruhusiwa kuajiri watumishi wa mkataba kwa mapato ya ndani. Waajiriwe wataalamu wawili, mmoja abaki hospitali ya wilaya, mwingine apewe pikipiki azungukie vituo vya afya na zahanati. Na kwenye kadi ya mgonjwa anayefunguliwa hogo, kabla ya kuandika lengo la nyuzi, iandikwe choo chake ni cha aina gani, na kazi yake huifanya akiwa amekaaje.